Nani mwenye mwili: mamba wa Pangani au aligeta wa Florida?

Mombo ni mji wa kungoja. Basi la Arusha linasimama abiria wale na kuchimba dawa, Coaster ya Lushoto inangoja ijae kabla ya kuanza kupanda kona za Soni, na wauza peasi wanakimbilia madirishani. Penye kungoja hapakosi ubishi, na kuna ubishi mmoja ambao kwenye joto hili la chini ya Usambara hauchuji: kati ya mamba wetu na aligeta wa Marekani anayeonekana kwenye simu, yupi ana mwili hodari zaidi?

Nimeupanga ubishi huo kwa sauti nne. Mzee alivua samaki Mto Pangani ujanani, siku hizi analima mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya hapa Mombo. Kijana anaendesha bodaboda. Mwalimu anafundisha Biolojia sekondari. Mama anauza matunda ya Lushoto, lakini kwao ni Pangani, pale mto unapoingia baharini. Watu hawa nimewatunga ili wabebe hoja. Hoja zenyewe ni za kweli, na nitaingilia kati kila nikiona inafaa, kwa sababu jambo hili linanigusa: mto wanaouzungumzia ndio unaoshuka kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ukapita Korogwe na Hale hadi Bahari ya Hindi, na njia nzima watu wanachota, wanafua na kunywesha mifugo.

KIJANA: Mimi nipo na aligeta. Nimeona video: bwawa lote limeganda barafu, yeye ametoa pua tu juu, anapumua. Barafu ikiyeyuka anaendelea na maisha. Huyu wetu mpeleke Lushoto mwezi wa saba uone.

MZEE: Mjukuu wangu, kuvumilia baridi ni jambo moja na kupigana ni jingine. Nimeona ng'ombe akivutwa kwa pua akiwa anakunywa maji, mchungaji ameshika kamba, na kamba ikamtoka mkononi. Ng'ombe mzima! Huyo aligeta wako kala nini kikubwa?

KIJANA: Anavunja kobe na gamba lake, babu. Pua yake pana, imejaa. Ya mamba imechongoka mbele, haiwezi kuwa na nguvu ile.

MWALIMU: Shikamoo, mzee. Hapo kwenye pua naomba niingie, kwa sababu lilishapimwa. Mwaka 2012 Gregory Erickson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida na wenzake walitoa matokeo ya kupima ung'ataji wa spishi zote 23 za ukoo huu zilizokuwa zikitambulika wakati ule: mamba, aligeta, kaimani na gariali. Waliwang'atisha kifaa cha kupimia mmoja mmoja. Aliyeshika namba ya juu ni mamba wa maji chumvi, yule wa Australia na Asia ya kusini: nyutoni 16,414. Kwa lugha ya mizani ni kilo 1,670 hivi.

MAMA: Yaani magunia 16 ya mpunga yanakaa juu ya jino.

MWALIMU: Ndiyo, mama. Fisi na simba wako kwenye kilo 450. Mtu akikaza meno kwenye nyama ngumu hafiki 100. Lakini kilichowashangaza hata wataalamu ni kwamba upana wa pua haukuamua chochote kikubwa. Ukubwa wa mwili ndio ulioamua. Chukua mamba na aligeta wenye urefu na uzito mmoja, taya zao zitakaribiana sana.

MZEE: Basi kesi imekwisha. Mkubwa ni wetu.

Kwa wastani Mzee yuko sahihi, ila masimulizi ya mamba huwa marefu kuliko mamba. Dume la mamba wa Nile, ambaye ndiye huyu wetu, kwa kawaida lina mita 3.5 hadi 5, na machache huvuka hapo. Dume la aligeta huwa kati ya mita 3 na 4.5. Aliyeuawa Alabama mwaka 2014 alikuwa na mita 4.8 na kilo 459, na ni miongoni mwa wakubwa kabisa waliopimwa kwa uhakika. Kwa upande wetu hutajwa Gustave wa mto Rusizi, Burundi, aliyekadiriwa kuzidi mita 6. Lakini Gustave hakuwahi kukamatwa wala kuwekewa utepe, na mnyama asiyepimwa siwezi kumwingiza kwenye hesabu. Aliyepimwa akavuka mita 6 ni Lolong wa Ufilipino, mwaka 2011: mita 6.17. Huyo ni mamba wa maji chumvi, si huyu wetu wa Pangani.

MZEE: Mwalimu ameacha jambo moja ambalo kila mvuvi analijua. Nguvu yote ya mamba iko kwenye kufunga mdomo. Kufungua hana nguvu. Akishafunga, ukamdhibiti, kamba tu inatosha kumnyamazisha.

MWALIMU: Ni kweli, na aligeta ni hivyo hivyo. Misuli ya kufunga imejaa mpaka unaiona imevimba nyuma ya taya, ile ya kufungua ni myembamba. Kwa hiyo hata udhaifu wao ni mmoja.

KIJANA: Nchi kavu je? Mimi nasikia aligeta akikutoka mbio ni hatari, lazima ukimbie kwa kupinda pinda, maana hawezi kugeuka.

MWALIMU: Hapo, kaka, umepigwa mara mbili. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na John Hutchinson wa Royal Veterinary College ya London walikwenda kwenye shamba la St. Augustine, Florida, ambako wanyama hawa hufugwa karibu wa kila aina. Waliwapiga picha za video spishi 15. Waliona kwamba mamba wanaweza kwenda shoti, miguu ya mbele pamoja na ya nyuma pamoja, kama farasi aliyeachiwa. Aligeta na kaimani hawakufanya hivyo hata mmoja. Wao mwisho wao ni kutroti.

MZEE: Si nilisema?

MWALIMU: Subiri, mzee. Walipolinganisha kasi, tofauti haikuwepo. Aligeta anayetroti na mamba anayekwenda shoti, wakiwa na miili sawa, wanafika pamoja. Wenye kasi ya juu walifikia kilomita 17 au 18 kwa saa, na shoti ile ilionekana zaidi kwa wadogo. Mamba wa mita nne mwenye kilo mamia hatakukimbiza shoti hadi barabarani.

Nami naongeza, kwa sababu hii ya kupinda pinda nimeisikia hata kwa watu wazima wakiwafundisha watoto: si kweli, na inaweza kumchelewesha mtu. Ukishatoka majini, nyoosha moja kwa moja kuukimbia ukingo. Mnyama huyu hafukuzi windo mbali nchi kavu. Kazi yake ameimaliza, au ameikosa, kwenye hatua mbili za mwanzo, na hatua hizo anazifanya kwa mkia akiwa bado majini. Mkia ndio unaousukuma mwili wote juu ya ukingo. Anayejisifu kwamba ana mbio anapaswa kujua kwamba mbio hazijaulizwa kabisa katika mtihani huu.

MAMA: Mimi naona mnabishana juu ya meno na miguu, na mnasahau kwamba mamba kwanza ni mvizia. Kwetu mama akifua, anaambiwa asifue mahali pamoja siku zote. Tuliambiwa mamba anakusoma.

MWALIMU: Wakubwa zako walijua, na sayansi ikafuata. Ukimtazama kwa karibu, kwenye magamba ya taya utaona vinundu vidogo vyeusi. Mwaka 2002 mtafiti Daphne Soares alionyesha kazi yake kwa aligeta: aliwaweka gizani, akadondosha tone moja la maji, nao wakageuka kuelekea lilikodondoka. Hawakuliona. Walisikia kiwimbi kwenye ngozi. Baadaye ikaonekana kwamba ngozi hiyo ya taya ina hisia kali kuliko ncha ya kidole chako. Na hapa ndipo tofauti ya kweli inapoanza: aligeta ana vinundu hivyo usoni tu. Mamba anavyo karibu kwenye kila gamba, mwili mzima.

MAMA: Kwa hiyo ndoo ikigusa maji...

MWALIMU: Mkono ukigusa maji, mama. Hata ndoo haijazama.

Hoja hii naipa uzito kuliko taya. Taya inatisha kwa sababu tunaiona. Lakini mwili wa mamba umejengwa kwanza kwa ajili ya kujua, na kungoja, kabla ya kukamata. Macho, masikio na pua vimepangwa juu ya kichwa kwa mstari mmoja, ili vyote vifanye kazi huku mwili umezama. Kooni kuna kilango kinachozuia maji yasiingie hata mdomo ukiwa wazi chini ya maji. Moyo una vyumba vinne kama wetu, ila una njia ya kugeuza mkondo wa damu isipite mapafuni pale anapozama. Akitulia anaweza kukaa chini saa moja na zaidi. Mwaka 2010 Colleen Farmer wa Chuo Kikuu cha Utah alionyesha kwamba hewa ndani ya mapafu ya aligeta hupita kwa upande mmoja, kama ya ndege, haiingii na kurudi kwa njia ile ile. Miaka michache baadaye likaonekana hilo hilo kwa mamba wa Nile. Viumbe hawa waliachana zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, na bado ndani ya kifua ni ndugu.

KIJANA: Kujizungusha je? Kule kugeuza windo majini.

MWALIMU: Wote wanafanya. Hawana meno ya kutafuna, kwa hiyo wanashika kisha wanazungusha mwili wote mpaka nyama ikatike. Hapo hakuna mshindi.

MZEE: Kuna jambo moja liliwahi kunishangaza kuliko yote hayo. Mamba jike hutaga mchangani, anakaa juu ya mayai karibu miezi mitatu, hali, au anakula kidogo sana. Watoto wakianza kulia ndani ya mayai anafukua. Halafu anawachukua kwa mdomo ule ule, anawapeleka majini. Nimeona. Mtoto ana urefu wa futi moja hivi, yuko kati ya meno yale, na hachubuki.

MWALIMU: Aligeta naye huwabeba hivyo. Yeye hafukui mchanga, hukusanya majani na matope akafanya kichuguu, na joto la majani yanayooza ndilo linaloatamia. Lakini mdomo ni ule ule na upole ni ule ule.

Maneno haya ya Mzee hayamo kwenye video za simu, ambazo hupenda damu. Kifaa kinachobana kwa kilo elfu moja na zaidi kinaweza pia kupima nguvu yake mpaka kikabeba mtoto aliyetoka tu kwenye yai bila kumchubua. Kama tunatafuta umahiri wa mwili, mimi hapo ndipo ningesimama muda mrefu, na vinundu vile vya ngozi huenda vina mkono wake.

MAMA: Sasa mnipe nafasi yangu. Kijana amesema habari ya barafu, sikumjibu. Mimi kwetu ni mdomoni mwa mto. Maji ya bahari yanaingia, maji ya mto yanatoka, na mamba wapo kwenye mikoko. Aligeta wenu anaweza kuishi kwenye maji ya chumvi?

KIJANA: Nimewahi kuona picha yake ufukweni, mama.

MWALIMU: Anaonekana, ila hakai. Mama ameshinda hapa, na ameshinda vibaya. Mamba ana tezi kwenye ulimi zinazotoa chumvi ya ziada mwilini. Ziligunduliwa mwaka 1981 kwa mamba wa Australia, na wataalamu Taplin na Grigg. Aligeta hana tezi zinazofanya kazi hiyo. Akiingia baharini siku chache anaweza kustahimili, kisha lazima arudi kwenye maji matamu. Ndiyo maana ukitazama ramani, mamba wamesambaa Afrika, Asia, Australia na Amerika, wamevuka bahari. Aligeta wamebaki wa aina mbili tu: mmoja kusini-mashariki mwa Marekani, mwingine bonde la Yangtze, China, mdogo wa mita moja na nusu hadi mbili, tena wamebaki wachache sana porini.

KIJANA: Lakini barafu haijajibiwa.

MWALIMU: Na haina jibu, hapo umeshinda wewe. Florida ya kusini ndipo mahali pekee duniani ambapo mamba na aligeta wanaishi pamoja porini. Januari 2010 baridi kali iliingia. Mamba wa Amerika walikufa wengi, aligeta wengi mno wakapona. Na ile video yako ni ya kweli, mambo hayo yalionekana North Carolina Januari 2018: mwili unazimika karibu wote, pua peke yake inabaki kwenye tundu la hewa. Mamba wa Nile hana ujuzi huo. Usambara kwa juu hukuti mamba, mzee mwenyewe ni shahidi.

MZEE: Sijawahi kusikia mamba Lushoto, hilo kweli.

Ningeweza kuusimamisha mjadala hapo na kugawa pointi: chumvi kwa mamba, baridi kwa aligeta, taya sare, mbio sare, hisia kwa mamba. Ila kuna hesabu moja inayonikera, na Mama ndiye aliyeifikia.

MAMA: Mwalimu, hao aligeta huko Florida ni wangapi?

MWALIMU: Wanakadiriwa milioni 1.3.

MAMA: Na wameua watu wangapi?

MWALIMU: Kumbukumbu za jimbo zinaanzia mwaka 1948. Hadi leo waliouawa hawafiki 40.

MAMA: Miaka yote hiyo! Na mamba wa Afrika?

MWALIMU: Inakadiriwa huua mamia ya watu kila mwaka.

MZEE: Sasa si umeona? Wa kwetu ni mkali zaidi.

MAMA: Mzee wangu, naomba radhi, sikubali. Mwalimu amesema taya ni sawa. Mbio ni sawa. Kujizungusha ni sawa. Mwanamke wa Florida anachota maji mtoni?

MZEE: Sijui ya huko, lakini ya mamba nayajua. Mamba wa Nile humwona mtu kama chakula. Aligeta, kwa nilivyosikia, akimwona mtu mzima hukwepa.

MWALIMU: Mzee hajakosea. Mamba wa Nile ana tabia ya kuwinda wanyama wakubwa, nyumbu pale Mto Mara kila mwaka ni mfano, na mtu anayeinama ukingoni hamshindi nyumbu kwa ukubwa. Aligeta dume naye anaweza kumwua mtu, mwili anao, ila kwa kawaida hutafuta vidogo. Tabia ipo. Hata hivyo mama ana hoja: ukiondoa tabia, bado kuna idadi ya mikono inayoingia majini kila asubuhi.

Mimi niko upande wa Mama. Tunaposifu au kulaani mwili wa mamba, tunajipa maelezo mepesi ya vifo vinavyotokana na kukosa bomba. Kanuni za wanyamapori za Tanzania za mwaka 2011 zinatambua kifuta machozi kwa aliyeumizwa au familia ya aliyeuawa na mnyama hatari, na ni haki watu wakidai. Lakini mlipwaji wa kifuta machozi ameshapoteza mtu. Ujuzi wote huu wa taya na vinundu na mkia una thamani kwangu pale tu unapobadilisha mahali mtu anapoweka mguu.

KIJANA: Kando ya Ziwa Victoria wale wa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, wamejenga vizimba. Wanazungushia chuma ndani ya maji, watu wanachota humo. Nilipeleka mzigo Sengerema, nikaona.

MWALIMU: Kizimba ni dawa inayomfuata mamba kwenye nguvu yake. Hawezi kukuvizia asipoweza kukufikia. Nguzo zake lazima ziwe imara, na uwazi kati ya vyuma uwe mdogo, maana hata mamba wa mita mbili anatosha kumvuta mtoto.

MZEE: Ziwa lina ukingo unaotulia. Pangani inapanda na kushuka. Mvua za masika zikija, kizimba chako kiko katikati ya mto. Kiangazi kikija, kiko kwenye matope. Na sisi wa mpunga je? Mimi niko majini hadi magoti shamba zima. Utazungushia chuma bonde lote la Mkomazi?

MWALIMU: Shambani maji ni mafupi na yanaonekana, mzee, hatari si ile ile. Hatari ni pale mfereji unapochukua maji mtoni, na pale ng'ombe wanapokunywa, na pale pa kufulia. Sehemu hizo zinahesabika. Australia, kwenye maeneo ya mamba, watu wanaambiwa wasimame angalau mita 5 kutoka ukingoni.

MAMA: Mita tano! Na ndoo nitaijaza na nini, mwanangu, nikiwa mita tano?

MWALIMU: Kwa pampu, mama. Bomba moja la kuvuta maji, tanki liwe juu ya ukingo, na watu wachote kwenye tanki.

MAMA: Basi hilo liandike. Usiandike nani kashinda. Andika bomba lina urefu gani, tanki la lita ngapi, na pampu ikiharibika nani anaitengeneza, maana ikikaa mbovu wiki moja tutarudi mtoni sote, na yeye atakuwa palepale.

MZEE: Na uandike lisiwekwe pale pa zamani pa kufulia. Pale ameshapazoea.